Vifaa vya Boti ya Besi: Vinavyostahili Nafasi na Vinavyojaza Boti Bure

Boti ya kuvulia besi, samaki wa maji baridi anayevuliwa kwa fimbo, imejengwa kwa maboksi ya kuhifadhia vitu, na boksi likiwepo halikosi kujazwa. Ndiyo maana ukifunua vifuniko vya sitaha kwenye boti nyingi unakuta fimbo kumi na tano, kilo ishirini za chambo bandia, skrini tatu, na fyuzi ya akiba hakuna hata moja. Tathmini hii inapima vifaa kwa swali moja: kifaa kikikosekana, au kikifa ukiwa kilomita kumi kutoka uliposhushia boti, itakuwaje? Kama jibu ni "hakuna kitakachotokea", kifaa hicho kisubiri zamu yake, hata kama dukani ndicho kinachong'aa kuliko vyote.

Jambo la kwanza halinunuliwi. Tafuta kibao cha uwezo kilichobandikwa ndani ya boti, usome uzito wa juu unaoruhusiwa. Betri, mafuta, watu na mizigo vyote vinaingia humo. Usisahau maji pia: tangi la samaki hai la lita 100 likijaa ni kilo 100, sawa na kumpakia abiria mmoja mnene. Boti iliyojazwa kupita kiasi huchelewa kuinuka majini, na mzigo ukielemea omo (mbele ya boti), boti hukatakata kona yenyewe inapokwenda kasi.

Vya kukurudisha nchi kavu

Kifaa bora kuliko vyote hakina skrini wala chapa ya kujivunia. Ni kamba ya kuzimia injini: ncha moja inafungwa kwenye jaketi lako, ncha nyingine ina klipu inayoingia kwenye swichi karibu na usukani. Ukirushwa nje, klipu inachomoka na injini inazima. Bila kamba hiyo, usukani ukiachiwa ghafla, nguvu ya propela huvuta injini upande mmoja, boti inaanza kuzunguka duara kwa kasi na kurudi pale pale ulipoangukia. Nchini Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, sheria ya shirikisho inamtaka mwendeshaji wa boti ya chini ya futi 26 yenye injini ya nguvu-farasi 3 au zaidi aivae kamba hii anapokwenda kasi. Kasoro yake ni plastiki ya klipu, ambayo hukauka juani na kupasuka. Beba klipu ya pili, maana aliyeanguka ameondoka na ya kwanza, na aliyebaki botini anahitaji nyingine ili awashe injini amfuate. Swichi ijaribiwe kila asubuhi: injini ikinguruma taratibu, vuta kamba. Isipozima, siku hiyo hakuna safari.

Jaketi la kujiokolea liwe la kujaza hewa au la povu? Kwa kurusha mshipi kutwa nzima, la kujaza hewa linashinda. Haliibani mikono, halichemshi mwili, na jaketi linalovaliwa ni bora kuliko linalokaliwa. Kwa mbio za alfajiri, la povu linashinda bila ubishi, kwa sababu linaelea muda wote na halitegemei gesi. Mwenye nafasi abebe yote mawili. Mtoto, au mtu asiyejua kuogelea, avae la povu tu.

La kujaza hewa lina matunzo ambayo wengi hawayafanyi. Fungua mtungi mdogo wa gesi, angalia kama ncha yake ni nzima, kwa sababu mtungi uliotobolewa ni chuma kitupu. Uweke kwenye mizani ya jikoni, ulinganishe na uzito uliogongwa kwenye mtungi wenyewe. Ukipungua, nunua mwingine wenye gramu zile zile za gesi na nyuzi zile zile za skrubu. Kisha lijaze jaketi kwa mdomo, liache hadi asubuhi, uone kama limelegea. Aina inayojifungua kwa kidonge ina udhaifu wa kujulikana: kidonge huyeyuka kwa unyevu, hivyo jaketi lililosahauliwa kwenye boksi lenye maji, au lililopigwa na mvua kubwa saa nzima, linaweza kufumka lenyewe. Aina inayojifungua kwa shinikizo la maji haina tabia hiyo. Ni ghali zaidi, na kwa anayevua kwenye mvua inastahili.

Boya la kurusha likae wazi, si chini ya mifuko. Filimbi ifungwe kwenye jaketi. Kizima moto kikaguliwe mshale (uwe kwenye kijani) na mwaka uliogongwa kwenye kitako. Kwa kanuni za Marekani, vile visivyojazwa upya mwisho wake ni miaka 12. Taa za usiku ni nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe inayoonekana pande zote. Nguzo ya taa nyeupe mara nyingi huondolewa mchana na kusahauliwa nyumbani, kwa hiyo iwe na mahali pake ndani ya boti pasipowekwa kitu kingine. Kafi moja yenye mpini wa kurefushwa inatosha. Nanga inahitaji kamba ndefu kuliko watu wanavyodhani: mara tano hadi saba ya kina cha maji, pamoja na mita moja au mbili za mnyororo ili ilale chini na kuuma badala ya kuburuzwa.

Halafu kuna nguruzi, kizibo cha tundu la kutolea maji tezini (nyuma ya boti). Ni kipande kidogo kisichofika uzito wa ndoana kubwa ya papa, na kikisahauliwa boti inajaa maji kabla haijaondoka gatini. Beba vya akiba viwili vya kipimo hicho hicho. Kimoja kaa nacho kwenye pete ya funguo za boti, ili mkono unaowasha injini ukiguse kwanza. Pampu ya ngama (sehemu ya chini ndani ya boti, maji yanapokusanyika) nayo iwe na swichi ya kuelea inayoiwasha yenyewe. Galoni zilizoandikwa kwenye boksi lake hupimwa bila kupandisha maji juu. Ikishafungwa bomba la kupanda hadi ubavuni, kazi halisi hupungua sana, kwa hiyo chukua kubwa kuliko unayodhani unaihitaji. Adui wa pampu hizi ni uchafu: vipande vya chambo laini, majani, lebo za vifurushi. Chujio la chini linabonyezwa pembeni na kutoka, linasafishwa kwa dakika moja. Wazee wa pwani walishasema tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwenye boti ya besi kila kinachodondoka sitahani mwisho wake ni kwenye chujio hilo.

Umeme

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, kwa sababu mtu hununua mota kubwa ya omo (ile ya umeme ya kuisogezea boti taratibu wakati wa kuvua) na skrini kubwa, kisha anavilisha kwa betri na nyaya za kubahatisha.

Anza na uzito wa boti. Kanuni inayotumika ni ratili 2 za msukumo kwa kila ratili 100 za boti ikiwa na mzigo wake wote. Boti ya kilo 1,500 ni kama ratili 3,300, hivyo inataka angalau 66. Mota ya omo ya ratili 55, inayotumia volti 12, itaisogeza siku ya utulivu na kushindwa upepo ukivuma. Ya ratili 80, volti 24, ndiyo inayofaa boti nyingi. Ya 112, volti 36, ni ya boti ndefu na maji yenye mawimbi. Kwenye boti ndogo ni kubeba betri ya tatu bure.

Kati ya zinazozungumzwa sana, Minn Kota Ultrex inapendwa kwa pedali yake ya kebo: mguu unahisi mota, na ukikanyaga inageuka hapo hapo. Garmin Force ilianza na mota isiyo na brashi, tulivu zaidi na yenye kula umeme kidogo kwa kazi ile ile. Minn Kota nao walifuata kwa toleo la Quest. Zote mbili zina uwezo wa kushika boti mahali pamoja kwa GPS, na huo ndio uwezo wa kulipia. Mwenye mota inayojishikilia hivyo hahitaji kushusha nanga kila anapopata jiwe lenye samaki.

Sasa hesabu. Mota ya ratili 80 kwa kasi kamili hula takriban ampea 56. Betri mbili za ampea-saa 100 zilizounganishwa mfululizo zinatoa volti 24, lakini ampea-saa zinabaki 100 zile zile, si 200. Kwa kasi kamili hazifiki saa mbili. Na kama ni za madini ya risasi, ukizoea kuzishusha chini ya nusu unazipunguzia maisha, kwa hiyo saa zako halisi ni pungufu ya moja. Kinachookoa siku ni kwamba kasi kamili hutumika kwa vipindi vifupi. Kwa mwendo wa kuvulia mota hula sehemu ndogo tu ya hizo ampea.

Lithiamu (LiFePO4) au risasi ya AGM, ile iliyofungwa isiyoongezwa maji? Betri ya AGM ya ampea-saa 100 ina kilo kama 30; ya lithiamu, kati ya 11 na 14. Kwa mfumo wa volti 36 unatoa zaidi ya kilo 45 tezini kwa mkupuo mmoja, na unaweza kuitumia betri karibu yote bila kuiumiza. Hukumu yetu: kwa mota ya omo, lithiamu inastahili. Ila ina masharti. Haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0. Chaja lazima iwe na mpangilio wake. Na volti zake hukaa palepale hadi karibu na mwisho, kisha kikinga cha ndani kinakata umeme ghafla, hivyo ile mita ya volti uliyoizoea kwenye betri ya risasi haikuonyeshi kitu. Nunua yenye Bluetooth au ufunge kihesabio cha ampea. Betri ya kuwashia injini ni jambo lingine: usiweke lithiamu hapo bila kusoma kitabu cha injini, kwa sababu kikinga kikikata injini ikiwa inachaji, umeme unaoruka unaweza kuunguza mfumo wa kuchajia.

Betri nzee na mpya hazifungwi pamoja mfululizo. Ile dhaifu huisha kwanza, na nzima inaendelea kuisukuma hadi ife. Ikifa moja, badilisha zote.

Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati, geji 6 (kama milimita mraba 13) kwa mota ya kawaida, nene zaidi kama betri ziko mbali tezini. Breka (swichi inayokata umeme ukizidi) ya ampea 60 ikae karibu na betri, si karibu na mota, maana kazi yake ni kulinda waya wote. Ubovu wa mara kwa mara hauko kwenye waya bali kwenye viungo: nati za mabawa zinalegea kwa mtikisiko, kiungo kinapata moto, plastiki ya betri inayeyuka kando ya nguzo. Zitupe nati hizo, weka za kawaida zenye washa ya springi, kaza kwa spana. Kipimo ni rahisi. Mota ikiwa majini kwa kasi kamili, pima volti kwenye nguzo za betri, kisha kwenye plagi ya omo. Kwa mfumo wa volti 24, tofauti ikizidi volti 0.7 kuna kiungo kibovu au waya mwembamba.

Skrini, basi. Ya kwanza iwe kwenye usukani, yenye ramani na sona ya pembeni (sona ni kifaa kinachotumia mawimbi ya sauti kuonyesha vilivyomo majini), kwa kuwa ndiyo inayokuonyesha miamba na visiki ukiwa unatafuta. Ya pili omoni. Sona mbashara, ile inayoonyesha samaki na chambo vikisogea wakati huo huo, ilienea baada ya Garmin kutoa LiveScope mwaka 2018, na imebadilisha uvuvi wa besi kiasi kwamba asiyekuwa nayo kwenye maji marefu yuko nyuma. Kwenye maji ya kina cha mita moja yenye magugu msaada wake ni mdogo, na hilo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Jumlisha wati zilizoandikwa kwenye vitabu vya vifaa vyote vya elektroniki, gawanya kwa 12: wati 60 ni ampea 5, na kwa saa 10 ni ampea-saa 50. Betri yao iwe peke yake. Zikifungwa kwenye betri ya injini, volti huanguka unapowasha na skrini zinajizima. Zikifungwa kwenye betri za mota ya omo, picha inajaa mistari ya kelele kila ukikanyaga pedali.

Kifurushi cha akiba cha umeme kinaingia kwenye kopo la siagi: fyuzi za ampea 3, 5, 10, 15 na 30, viungo vya kubana vyenye gamba la kunywea kwa moto, mita ya volti, utepe wa umeme, vifungo vya plastiki. Weka humo humo pini ya propela ya mota ya omo, nati yake na spana inayoitosha. Propela ikigonga kisiki, pini hiyo hukatika ili kuokoa mhimili. Mota inaunguruma lakini boti haiendi. Kila baada ya safari chache ifungue propela hata kama haina tatizo. Mshipi wa kuvulia hujizungusha nyuma yake kimya kimya, unakata sili, maji yanaingia ndani ya mota. Injini kubwa ina ugonjwa huo huo, na dalili yake ni mafuta ya gia yenye rangi ya maziwa.

Kumweka samaki hai

Tangi la samaki hai ni kifaa kinachodharauliwa na kulaumiwa baadaye. Besi hafi kwa kukosa nafasi kwanza. Hufa kwa kukosa oksijeni, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Wakati wa joto pampu iendeshwe bila kupumzika. Kipima muda cha kuiwasha na kuizima ni cha siku za baridi. Maji ya juu ya ziwa yakiwa ya moto, jaza tangi asubuhi, funga uingizaji, zungusha yale yale na uyapoze. Chupa mbili za lita 1.5 zilizogandishwa, zikiyeyuka zote, hushusha lita 100 kwa kama nyuzi 3, na hapo panatosha: tofauti kubwa ya ghafla humshtua samaki kuliko joto lenyewe. Barafu ibaki ndani ya chupa kama imetengenezwa kwa maji ya bomba yenye klorini. Chumvi isiyo na iodini, gramu 300 kwa lita 100, humsaidia samaki aliyechoka kutopoteza chumvi za mwili wake. Maji yanayozungushwa hukusanya amonia, kwa hiyo badilisha nusu kila saa chache, kisha poza tena.

Wavu wa mkono uwe wa mpira. Wa nailoni huchubua ute wa samaki na kunasa ndoana za matawi matatu hadi unapoteza muda wa kuvua ukizinasua. Ubao wa kupimia ulowanishwe kabla ya kumlaza samaki. Mizani ya kidijitali ina tabia ya kudanganya betri ikichoka. Ipime kwa chupa ya maji ya lita 2: lazima isome kilo 2 na gramu chache za chupa.

Koleo la pua ndefu na mkasi wa mshipi ni vya kila siku. Kinachosahauliwa ni kikata chuma chenye uwezo wa kukata shina la ndoana. Siku ndoana ya matawi matatu imeingia kidoleni na samaki bado anarukaruka upande wa pili, cha kwanza ni kukata ndoana ili samaki atoke. Ikiwa karibu na jicho au kwenye kiungo, isichomolewe botini. Kata chambo, funika, nenda hospitali. Sanduku la huduma ya kwanza likae kwenye mfuko usiopitisha maji, simu pia.

Fimbo, chambo, na vya kuacha

Fimbo sita zinamtosha mtu mmoja, kila moja na mfuko wake, la sivyo zinasukana. Mbili za nguvu ya kati-nzito zenye urefu wa futi 7, moja nzito kwa magugu, moja laini kiasi kwa chambo cha kuzama chenye ndoana za matawi, mbili za rili ya kuzunguka kwa chambo chepesi. Mshipi wa florokaboni wa ratili 12 hadi 17 kwa kazi nyingi, uzi wa kusuka wa 50 kwa magugu. Miwani ya kukata mng'ao iwe ya rangi ya kahawia kuliko ya kijivu kama unavua maji ya kina kifupi. Inakuonyesha sehemu ngumu chini, na inazuia chambo kinachochomoka kisikupate usoni.

Nanga za mkono wa tezini, kama Power-Pole, ni anasa nzuri. Kwenye maji ya kina cha futi 8 au pungufu zinaishikilia boti kimya, bila propela kutibua tope, na hapo zinaishinda GPS. Kwenye maji marefu ni uzito tu. Kwenye boti ndogo, fito moja iliyochomekwa kwa mkono inafanya kazi ile ile. Skrini ya tatu iache. Manukato ya chambo, yote isipokuwa chupa moja, yaache.

Chambo laini kibaki kwenye kifurushi chake, hasa vile vya kampuni ya Z-Man vya malighafi iitwayo ElaZtech. Ukivichanganya na vya plastiki ya kawaida kwenye kasha moja vinayeyukiana, na siku ya joto utakuta kasha zima limekuwa ujiuji wa rangi tatu usiotoka hata kwa kisu.